Pima Kabla Hujapaka Rangi

Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Leo nitawasimulia habari za chombo kisichoelea, bali kinachokokotwa.

Mwaka 2019 nilimtembelea dada yangu katika jimbo la Indiana, Marekani. Mji wa Elkhart katika jimbo hilo unasifika kwa viwanda vya trela za kulala, yaani nyumba ndogo za magurudumu zenye vitanda na jiko, ambazo watu huzifunga nyuma ya gari na kwenda nazo matembezini. Nilimkuta shemeji yangu amenunua moja kwa bei ya kutupa. Mti ulikuwa umeangukia paa lake, mvua ikaingia, plaiwudi ikaoza, na watu wa bima wakaihesabu kuwa mkweche. Nia yake ilikuwa kuigeuza: mbele walale watu, na nyuma ziingie pikipiki zake mbili kwa mlango unaolazwa chini na kuwa daraja.

Mimi nilidhani kazi ni misumari na rangi. Shemeji naye alidhani hivyo hivyo. Tulibomoa mpaka ikabaki chasisi. Hapo akaja jirani, mzee fundi wa kuchomelea vyuma. Aligonga chasisi kwa nyundo toka mwanzo hadi mwisho. Palipo pazima palilia. Palipoliwa na kutu palinyamaza. Kisha akauliza, "Bamba la uzito liko wapi?"

Bamba lilisema trela ile, pamoja na mzigo, isizidi kilo 3,200. Ilipotoka kiwandani, tupu, ilikuwa na kilo 2,450. Zilibaki 750. Toa pikipiki mbili, kilo 400. Toa maji ya tangi, kilo 150. Zimebaki 200 tu, nazo ndizo za sakafu nene, mlango wa chuma, mtungi wa gesi, vyakula na nguo.

Mzee hakuishia hapo. Alieleza kuwa ukitoboa ukuta wa nyuma ili uweke mlango mpana, umeliondolea sanduku zima nguvu, hivyo ni lazima uzungushe fremu ya chuma. Tena, mzigo ukikaa nyuma kabisa ya magurudumu, pua ya trela huwa nyepesi, na kwa mwendo wa kasi trela huanza kuyumba kama mkia, hata ikaliangusha gari linaloivuta. Asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote inatakiwa iegemee kwenye ndoano ya gari. Basi pikipiki zikasogezwa karibu na ekseli, na jiko likahamishiwa mbele.

Shemeji alikuwa amepanga watoto walale juu, pikipiki zikiwa chini yao. Dada yangu akasema, "Baba, wanangu hawalali juu ya petroli." Mvuke wa petroli na moto wa jiko havikai chumba kimoja. Tangu siku ile sheria ya nyumba ni moja: pikipiki hushushwa kwanza, milango hufunguliwa hewa ipite, ndipo vitanda hutandikwa. Na king'ora cha kutambua hewa ya sumu kikafungwa ukutani.

Siku ya mwisho, trela ikiwa inang'aa, tuliipeleka kwenye mizani ya malori katika kituo cha mafuta. Kule hata mtu binafsi hulipa ada akapimiwa. Ilizidi kilo 180! Shemeji alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha aling'oa kabati la mwaloni alilolichonga kwa mikono yake kwa wiki tatu, akamwaga na maji ya tangi. Siku hizi hujaza maji akishafika.

Ndugu wasikilizaji, mafundi wetu wa Gerezani wangeweza kuiunda trela ile bila wasiwasi. Ufundi tunao. Lakini mara ngapi tumeongeza bodi ya gari, tukarefusha chasisi, kisha tukaiona mizani ya barabarani kuwa adui? Mizani haimpimi mwenye gari peke yake. Inampimia pia mama anayekuja upande wa pili, asiyejua kabisa kuwa wewe ulipenda kabati lako.

Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.