Karatasi Zinazofungua Mlango wa Chuo Kikuu
(Mazungumzo ya Afisa Habari wa Halmashauri katika mkutano wa wakazi wa kata)



Mwaka 2016 Serikali iliondoa ada kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne. Mwaka 2022 ikaiondoa katika kidato cha tano na sita. Hivyo mtoto wa mkulima na mtoto wa tajiri waweza kuketi dawati moja hadi mtihani wa mwisho. Baada ya hapo njia zao huachana. Mmoja hulipiwa na wazazi. Mwingine hutegemea Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 ili kumkopesha mhitaji.

Ndugu wananchi, Bodi haifiki nyumbani kwetu kuona paa linalovuja. Huona nyaraka tu. Yatima asiye na cheti cha kifo cha mzazi hana cha kuthibitishia uyatima wake. Kaya iliyomo katika mpango wa TASAF isipotaja namba yake, hali yake haionekani. Na aliye maskini zaidi ndiye mara nyingi mwenye karatasi chache zaidi: alizaliwa nyumbani, na baba yake alizikwa bila kifo kuandikishwa. Kwa njia hiyo msaada uliokusudiwa kwake humpita.

Kwa hiyo nawaomba mambo matatu. Kwanza, vyeti vya kuzaliwa na vya vifo vifuatiliwe mtoto angali kidato cha tano, kwa kuwa uhakiki wa RITA huhitaji muda. Pili, mdhamini atafutwe mapema, awe na kitambulisho cha Taifa. Tatu, wenyeviti na watendaji wetu, fomu ya mwanafunzi isilale mezani kwenu. Siku moja ya kuchelewa yaweza kumgharimu mwaka mzima.

Wapo wazazi wanaoogopa deni. Ni kweli mkopo hurejeshwa, lakini baada ya masomo. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa mwezi. Na mwombaji asiporidhika na alichopangiwa, Bodi hufungua dirisha la rufaa.

Wahenga walisema akiba haiozi. Karatasi zilizotunzwa leo ni akiba ya mtoto asiye na urithi mwingine.