Lini Tumwage Oili? Hoja ya Kuhesabu kwa Lita za Mafuta

Mada iliyowasilishwa kwenye semina ya wamiliki, madereva na mafundi wa magari ya abiria, Dar es Salaam



Magari mengi yanayotoka gereji hapa mjini huondoka na karatasi ndogo iliyobandikwa kiooni: oili imebadilishwa leo, gari lirudi baada ya kilomita 3,000, au 5,000. Mafundi tunaiandika namba hiyo kwa mazoea, na mwenye gari anaiamini kwa kuwa imeandikwa na fundi. Lakini ukifungua kitabu kilichokuja na gari kutoka Japani, ukampata wa kukusomea, utakuta Toyota inataja kilomita 15,000 au mwaka mmoja kwa injini ya petroli isiyo na tabo, na nusu ya hapo, kilomita 7,500 au miezi sita, kwa gari linalofanya kazi ngumu. Injini ni ileile, namba zinapishana mara tatu na zaidi.

Sitaki tubishane namba ipi ni sahihi. Swali langu ni hili: tangu oili mpya iingie, injini imefanya kazi kiasi gani? Na nasema kwamba kwa daladala, teksi na bodaboda, lita za mafuta zilizochomwa hujibu swali hilo vizuri kuliko mita ya kilomita.

Tuanze na kinachoichosha oili. Matairi yanavyozunguka hayaihusu sana. Mafuta yanapoungua ndani ya silinda, sehemu ndogo ya moshi hupenya pembeni mwa ringi za pistoni na kushuka hadi kwenye sampu. Moshi huo umebeba masizi, mafuta ambayo hayakuungua, tindikali na mvuke wa maji. Maji hayo si haba: lita moja ya petroli ikiungua hutoa karibu lita moja ya maji, na ndiyo tunayoyaona yakidondoka kwenye ekzosi asubuhi. Injini ikipata joto na kudumu nalo, mvuke mwingi huondoka. Gari la safari fupi fupi halifiki huko, na maji hubaki ndani ya oili.

Oili nzuri inakuja na dawa za kukabiliana na hayo yote. Ipo sabuni inayoshika masizi yasigandamane, ipo dawa inayoua tindikali, ipo inayokinga vyuma visilane. Dawa hizi hutumika, na hufika siku zikaisha. Oili yenyewe nayo huharibika kwa joto na hewa. Kwa makadirio ya kawaida, kila joto lake likipanda kwa nyuzi 10, kasi ya kuharibika huongezeka karibu mara mbili. Nayo filta ikijaa uchafu, ndani yake kuna valvu inayofunguka ili injini isikose oili kabisa. Hapo injini inaanza kuzungusha oili ambayo haijachujwa, na dereva haoni taa yoyote ikiwaka.

Sasa tuyatazame magari mawili. Moja linatoka Gongo la Mboto kwenda Kariakoo, foleni juu ya foleni, na tukadirie mwendo wake wa wastani kuwa kilomita 15 kwa saa. Jingine linakwenda Dodoma kwa wastani wa kilomita 60 kwa saa. Kila moja likifikisha saa 250 injini ikiwa inafanya kazi, la kwanza limesoma kilomita 3,750 na la pili 15,000. Karatasi ya kiooni ikisema 5,000 kwa yote mawili, la mjini linacheleweshwa na la safari linamwagiwa oili ambayo bado ina nguvu. Kampuni ya Ford huyahesabia baadhi ya magari yake saa moja ya kusimama injini ikiunguruma kuwa sawa na maili 33 za mwendo, yaani kilomita 53 hivi. Na General Motors, ilipoanza kuweka kikokotoo cha oili kwenye magari yake mwishoni mwa miaka ya 1980, haikukitegemeza kwenye kilomita peke yake. Kilihesabu mizunguko ya injini pamoja na joto lake.

Daladala zetu hazina kikokotoo hicho, na nyingi hata mita ya kilomita imekufa zamani. Lakini kila dereva aliyemo humu anajua jana aliweka mafuta kiasi gani. Hicho ndicho kipimo chetu. Kila lita iliyochomwa imepeleka sehemu yake ya masizi na maji kwenye sampu, gari likiwa limesimama Tazara au likiwa linakimbia Chalinze. Caterpillar, kwenye vitabu vya injini zake kubwa, huweka lita za mafuta kama kipimo cha kubadilisha oili sambamba na saa na kilomita. Hakuna sababu ya sisi kukiona kigeni.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Tuseme kitabu cha Hiace yako kinataka kilomita 5,000 kwa kazi ngumu, na gari hilo likiwa zima, barabara nyeupe, linakwenda kilomita 10 kwa lita. Maana yake oili ile iliwekewa lita 500 za mafuta. Foleni ikikushusha hadi kilomita 7 kwa lita, lita 500 zitaisha ukiwa umekwenda kilomita 3,500 tu. Ukiweka lita 25 kwa siku, ni siku 20 za kazi. Andika kwenye daftari linalokaa garini, jumlisha kila jioni, na oili imwagike zikitimia 500. Kipimo hiki kina faida nyingine ambayo mafundi tutaipenda: nozeli zikivuja au injini ikianza kuchoka, gari litakula mafuta zaidi, na siku ya oili itasogea karibu yenyewe.

Lipo gari ambalo lita hazitoshi kulihukumu. Gari linaloegeshwa wiki nzima likatembea Jumapili tu halichomi mafuta mengi, lakini hewa yetu ya pwani ina unyevu. Hilo lifuate kalenda, miezi sita isipite. Gari la barabara ya vumbi lipewe hesabu fupi zaidi, na filta ya hewa ikaguliwe kwanza, maana vumbi likishaingia husaga ringi na silinda hata oili ikiwa ya jana. Bodaboda ina oili ya takriban lita moja, na oili hiyohiyo ndiyo inayohudumia klachi na gia. Kwa hiyo tumia hesabu ya kitabu chake, si ya gari, na ununue oili yenye alama ya JASO MA. Oili nyingi za gari zina dawa za kulainisha zinazofanya klachi ya pikipiki iteleze.

Nizungumzie rangi, kwa sababu imewapotosha wengi. Oili ya dizeli huwa nyeusi siku chache tu baada ya kuwekwa. Weusi huo unaonyesha sabuni imeshika masizi, na ndiyo kazi yake. Usimwage kwa ajili ya weusi, wala usitulie kwa sababu oili ya petroli bado inang'aa. Mambo ya kutisha ni mengine. Oili ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, huenda maji ya rejeta yameingia. Kagua gasketi ya silinda hedi kabla ya kuwasha tena. Oili ikipanda kwenye kijiti badala ya kushuka, mafuta au maji yanaingia ndani, na gari lisitoke kituoni. Ukitaka uthibitisho zaidi, dondosha tone moja kwenye karatasi ya kuchujia, iache mpaka kesho. Tone likisambaa polepole kutoka katikati, sabuni bado ipo. Likibaki duara jeusi lenye ukingo mkali, imeisha. Na kuongeza lita moja kwenye injini inayokula oili hakuhesabiki kuwa kubadilisha: filta ni ileile, na uchafu wa mwanzo umebaki.

Najua kinachochelewesha oili mara nyingi si kutojua. Tajiri mwenye gari ndiye ananunua oili, dereva ndiye anapoteza nusu siku gereji, na jioni hesabu ya siku anayompelekea tajiri inatakiwa kamili. Katika mpango huo kila dereva mwenye akili atasema "kesho", na kesho hiyo itafika baada ya injini kuanza kunoki. Napendekeza mikataba yetu iwe na kifungu kimoja: siku ambayo daftari limetimiza lita zake, hesabu ya tajiri inapungua kwa nusu, dereva anasimamia kazi mwenyewe mpaka filta mpya imefungwa, na chupa tupu zinakatwa hapohapo zisije zikajazwa oili ya kughushi. Mmiliki anayeona nusu hesabu ni hasara aende kwa fundi wake leo, aulize bei ya kuchonga krankishafti na seti ya beringi, kisha aje na jibu hilo kwenye mjadala wa mchana, tuanzie hapo.