Orofa za Getembe na Nafasi za Nyamira: Tushindanie Nini?

Mada kwa warsha kuhusu ukuaji wa miji ya Gusii



Utani ninaouzungumzia leo mnaufahamu nyote. Mtu wa Kisii akishuka Nyamira huuliza mji wenyewe unaanzia wapi. Mtu wa Nyamira akifika Kisii huuliza watu wa huku hupumulia wapi. Huyu anajivunia orofa, yule anajivunia nafasi, na Jumapili utawakuta wote wawili kwenye sherehe moja ya mahari, kwa sababu wameoleana tangu zamani. Wilaya ya Nyamira ilimegwa kutoka Kisii mwaka 1989. Kabla ya hapo tulipanga foleni kwenye ofisi zile zile za Getembe, yaani mji wa Kisii, na baba zetu walifuata hati za mashamba kwa makarani wale wale.

Sikuja kuukomesha utani huo. Umetujengea mengi. Mwenye ploti akiona jirani yake ameongeza orofa ya tano, halali mpaka naye ameongeza, na kila orofa inayopanda ina duka, ofisi ya wakili, darasa la kompyuta au kitanda cha mwanafunzi. Hoja yangu ni kwamba kipimo tunachotumia hakitufai. Tunasimama barabarani, tunainua shingo, tunahesabu orofa, kisha tunatangaza mshindi. Miji yetu ni ya milimani. Inaonekana vizuri zaidi kutoka juu, na ukiitazama kutoka juu, hesabu inabadilika kabisa.

Mapaa

Panda kilima cha Nyanchwa asubuhi mvua ikiwa imekatika, utazame mji wa Kisii. Nairobi unaitazama kutoka tambarare, kwa hiyo unachoona ni vilele: KICC iliyokamilika mwaka 1973, na mnara wa Britam wa mita 200 uliokamilika 2017. Getembe iko bondeni, na mtazamaji yuko mlimani. Kitu cha kwanza anachokiona ni mapaa. Juu ya mapaa hayo yamejaa matangi meusi ya maji, vibanda vya mabati vya kuanikia nguo na, zaidi ya vyote, vyuma vya nguzo vilivyoachwa vimesimama wima vikingoja orofa ambayo haijajengwa. Nenda Keroka, nenda Ogembo, nenda Nyamira mjini, utavikuta vyuma hivyo hivyo.

Naomba tuvitazame kwa makini, kwa sababu ndivyo alama halisi ya ujenzi wetu. Wengi wetu hatujengi kwa mkopo mmoja mkubwa wa benki. Tunajenga orofa mbili kwa pesa za chai, za duka au za chama. Pesa zikiisha, fundi anaacha vyuma vimetokeza juu ya slabu, tunapangisha kilichokwisha, tunangoja. Kijana aliye Minnesota, ambako jamii yetu ni kubwa, anatuma chochote. Orofa ya tatu inapanda. Dada yake anastaafu ualimu, anapata kiinua mgongo; ya nne inapanda. Ukijua kusoma paa, unaweza kueleza historia ya familia hiyo bila kuingia ndani.

Kuna sababu nyingine inayotusukuma juu. Sensa ya mwaka 2019 ilikuta watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 Nyamira. Upande wa Kisii hiyo ni zaidi ya watu 950 kwa kila kilomita mraba, na wengi wao wanaishi mashambani. Shamba la babu limegawiwa wana, wana wakawagawia wajukuu, mpaka mpaka wa migomba ya huyu unagusa ukuta wa jiko la yule. Ekari moja haigawiki tena. Lakini ploti ya futi hamsini kwa mia mjini hugawika kwenda juu: orofa ya kwanza ya mkubwa, ya pili ya anayemfuata, ya tatu ya binti aliyerudi nyumbani. Anayesema sisi tunajenga orofa kwa kiburi tu hajaketi na mzee anayegawa urithi.

Ndiyo maana nawaomba wakaguzi wa kaunti zote mbili wasiviangalie vyuma hivyo kama uchafu wa mandhari. Ni akiba ya watu. Lakini akiba hiyo inaoza. Eneo letu hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka. Chuma kilichoachwa wazi misimu kadhaa hushika kutu, kutu hula unene wake, na siku ya kuendeleza nguzo zege jipya linakishika vibaya. Fundi mzuri hukipaka uji wa saruji au hukifunika kwa zege hafifu litakalobomolewa baadaye. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na bei ya vyuma vyenyewe, na bado ukipanda mapaa kumi utakuta wengi hawajafanya hivyo.

Hatari kubwa zaidi iko chini, mahali ambapo mtani hapaoni. Msingi uliopigiwa hesabu ya orofa tatu haugeuki kuwa wa orofa saba kwa sababu jirani amefika saba. Novemba 2015 jengo lililokuwa likijengwa hapa Kisii liliporomoka na wafanyakazi wakafukiwa. Miezi michache baadaye, Aprili 2016, jengo la makazi lilianguka Huruma, Nairobi, usiku wa mvua kubwa, likaua watu wapatao 50. Baada ya kila msiba kama huu tunasikia maswali yale yale: nani aliidhinisha, nani alikagua, mhandisi alikuwa wapi. Swali ambalo sisi wenyewe tungeweza kulijibu kabla ya msiba ni jepesi kuliko hayo. Je, vile vipande vya mchemraba vya zege, vya milimita 150 kila upande, vilijazwa siku ya kumwaga slabu, vikapelekwa maabara kuvunjwa baada ya siku 7 na siku 28? Kama havikujazwa, hakuna anayejua nguvu ya slabu hiyo, hata fundi aliyeimwaga.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kisii imesifiwa sana kwa orofa zake, na sifa hizo ndizo zinazonitia hofu.

Maji

Nibaki kwenye mapaa kidogo. Milimita moja ya mvua juu ya mita mraba moja ni lita moja. Paa la mita mraba 200 katika mji unaopata milimita 1,500 hupokea lita 300,000 kwa mwaka. Hata robo ikipotea, zinabaki lita 225,000. Wakati huo huo wapangaji wa jengo lile lile wanapandisha mitungi ngazini kwa sababu mfereji haujatoa maji. Kampuni ya maji ya Gusii, GWASCO, imehudumia kaunti zote mbili, kwa hiyo katika jambo hili hatuna mshindi wala mshindwa. Wote tumengojea bomba moja. Mvua inayokataliwa na mapaa yetu hushuka barabarani kwa kasi, hubeba takataka za soko, na kuishia mto Nyakomisaro.

Mto huo ndio uliopaswa kuwa fahari ya Getembe. Unapita katikati ya mji. Miji mingine hulipa mamilioni kutafuta mto wa kuweka katikati yake. Sisi tumeujengea kuta mpaka ukingoni, tukaugeuzia migongo ya majengo, tukaelekeza humo mabomba tusiyotaka yaonekane. Nasema hivi kwa uchungu, kwa sababu sijakutana na mtu wa Kisii anayemleta mgeni mjini akampeleka kuuona Nyakomisaro. Anampeleka kuona jumba.

Mashindano ya wengine

Ushindani wa miji juu ya majumba marefu haukuanzia kwetu. Chicago ilijenga Home Insurance Building mwaka 1885, jengo linalotajwa mara nyingi kuwa ghorofa refu la kwanza lililoegemea kiunzi cha chuma, na tangu hapo imeshindana na New York. Mwaka 2013 baraza la wataalamu wa majengo marefu, lenye makao yake Chicago kwenyewe, liliamua kwamba mlingoti ulio juu ya One World Trade Center ya New York uhesabiwe kuwa sehemu ya jengo. Kwa uamuzi huo New York ilipata mita 541 na kuipita Willis Tower ya Chicago yenye mita 442. Bila mlingoti, Chicago ingebaki mbele. Wajumbe hao waliupa mji wa mpinzani ushindi, na hilo lastahili heshima. Ila mnaona jinsi ushindi wote ulivyotegemea kipimo kilichokubaliwa. Na sisi tunaweza kukaa hapa tukakubaliana kipimo chetu.

Keroka

Kama kuna mahali pa kukijaribu kipimo hicho ni Keroka. Mji huo uko kwenye barabara ya Kisii kwenda Sotik, na mpaka wa kaunti unapita humo humo. Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, kaunti mbili zimevutana juu ya nani atoze ushuru, nani atoe leseni, nani azoe taka. Mama anayeuza ndizi amejikuta akidaiwa na pande zote mbili kwa kikapu kimoja. Majengo yanaendelea kupanda pande zote, na mtu akisimama mlimani kuutazama mji hawezi kuonyesha kwa kidole Kisii inaishia wapi na Nyamira inaanzia wapi. Paa hili na lile yanamwaga maji kwenye mtaro mmoja. Mtaro ukiziba upande wa Nyamira, duka la upande wa Kisii linafurika. Moto ukishika jengo la upande huu, gari la zima moto halitauliza risiti ya ushuru kabla ya kupita.

Mimi naamini Keroka ndiko tungepaswa kuwa na idara moja ya mipango, yenye maafisa wa kaunti zote mbili, inayotumia ramani moja na kutoa kibali kimoja cha ujenzi. Ugomvi wa mapato unaweza kuendelea mahakamani au kwenye meza ya maseneta. Mtaro hauwezi kungoja hukumu.

Bahati ya aliyechelewa

Kwa ndugu zangu wa Nyamira nina neno la pekee. Mji wa Kisii ulianza kama boma la wakoloni. Otenyo, mpiganaji wa Kigusii, alipomchoma mkuki afisa wa kikoloni Northcote Januari 1908, boma lilikuwa limeshasimama, na Septemba 1914 Wajerumani waliuteka mji kwa muda mfupi. Ploti na barabara zake za katikati zilikatwa kwa ajili ya watu wachache, wenye gari moja au punda. Leo zimebeba matatu, Probox na bodaboda zote za Gusii. Kuipanua barabara ya Kisii sasa ni kubomoa jengo la mtu lenye deni na wapangaji.

Nyamira bado ina nafasi ya kuamua. Hifadhi ya barabara bado inaonekana. Kingo za vijito bado zina nyasi na nyuki. Kituo cha matatu kinaweza kuwekwa mahali panapofaa kabla ya kila ploti kupata mwenyewe. Mkichukua kipimo cha orofa, mtatumia miaka thelathini kuifukuza Kisii na kufika palepale ilipokwama. Mkichukua kipimo cha barabara ambayo mama aliyebeba mtoto anaipita bila kushuka mtaroni, mnaweza kuishinda Kisii katika kipindi cha gavana mmoja.

Na wa Kisii wasidhani orofa peke yake zitawaletea hadhi ya jiji tunayoisikia kila wakati wa uchaguzi. Sheria ya Miji na Majiji, baada ya marekebisho ya mwaka 2019, inataka jiji liwe na wakazi 250,000. Sensa ya mwaka huo huo iliupa mji wa Kisii wakazi 112,417. Sheria hiyo hiyo hutazama pia kama mji una miundombinu na huduma za kutosha. Eldoret haikupata hati ya jiji mwaka 2024 kwa kuhesabiwa orofa.

Pendekezo langu basi ni hili. Kaunti mbili ziunde jopo moja la ukaguzi wa majengo marefu, lenye mhandisi wa kila upande, mwakilishi wa mafundi na mwakilishi wa wapangaji. Lianze juu ya paa lishuke: vyuma vimefunikwa? Maji ya mvua yanaingia tangini? Ngazi ya dharura iko wazi au imefanywa stoo? Matokeo ya zege yako wapi? Jengo limeacha umbali gani kutoka mtoni? Matokeo yabandikwe mlangoni, kwa Kiswahili na Ekegusii, mpangaji ayasome kabla ya kulipa kodi ya kwanza, na kila mwaka itangazwe ni mji upi una majengo mengi yaliyofaulu. Watani watapata cha kutaniana. Jopo lianzie Keroka, pande zote mbili za barabara, na kazi hiyo ikamilike kabla ya masika ya Machi.

Naomba maswali yaanze kwa mafundi.