MASURUFU YA MWENYE KUTEMBEA JANGWANI

 

Ndugu katika imani, tumeombwa tuzungumze juu ya safari, nasi tumechagua safari moja tu: ya mtu anayekwenda kwa miguu masafa marefu katika nchi ya jangwa na joto, mzigo wake mgongoni. Huenda mtu akauliza, sisi watu wa minazi na mvua za masika tuna haja gani na habari hizo? Haja ipo. Kila mwaka ndugu zetu, wengi wao wazee, huondoka hapa kwenda kutembea Makka, Mina, Arafa na Muzdalifa, na nchi hiyo ni jangwa. Katika Hija ya mwaka 2024 (1445 Hijria) joto lililopimwa kwenye Masjid al-Haram lilifika nyuzi 51.8. Serikali ya Saudi Arabia ilitangaza kuwa waliofariki ni watu 1,301, na kwamba asilimia 83 kati yao hawakuwa na kibali cha Hija. Walitembea mwendo mrefu juani, bila ya kivuli wala mahali pa kupumzikia. Allah awarehemu. Suala la vibali lina mahali pake. Leo tunalitazama jua lenyewe.

Wapo watakaosema kuwa siku ya mtu ikifika haina kinga, basi maandalizi ya nini? Fikra hii si ngeni. Imepokewa katika Sahih Bukhari kutoka kwa Ibn Abbas (R.A.) kuwa watu wa Yemen walikuwa wakienda Hija bila ya masurufu, wakidai kuwa wao ndio wenye kutawakali, kisha wakifika Makka wakawa ombaomba. Kwa sababu hiyo ikateremka ile amri ya kuchukua masurufu iliyomo katika aya ya 197 ya Sura Al-Baqara. Watu huikimbilia taqwa iliyotajwa katika aya hiyo, nayo kweli ndiyo masurufu bora, lakini wakasahau kuwa amri yenyewe iliwashukia watu waliokosa unga, tende na maji.

Sasa tumtazame msafiri anayejulikana sana kwetu, Ibn Battuta, ambaye mwaka 1331 alifika Mombasa na Kilwa. Mwaka 1352 alilivuka jangwa la Sahara kutoka Sijilmasa, kusini ya Morocco, pamoja na msafara wa wafanya biashara. Baada ya siku 25 wakafika Taghaza, kijiji ambacho nyumba zake na msikiti wake vilijengwa kwa mawe ya chumvi na kuezekwa ngozi za ngamia. Maji yake yalikuwa ya chumvi, na hata hivyo msafara ulikaa hapo siku kumi kwa taabu ili kuchukua maji, kwa kuwa mbele yao palikuwa na mwendo wa siku kumi ambao kwa kawaida hauna kisima. Allah akawajaalia wakute madimbwi ya mvua njiani. Lakini hawakuondoka Taghaza wakiyategemea madimbwi hayo; waliondoka na viriba vilivyojaa.

Katika safari hiyo yamo mambo mawili tunayoomba yazingatiwe. La kwanza ni yule mtu aliyeitwa takshif. Huyu alikuwa mtu wa kabila la Masufa aliyekodiwa kutangulia peke yake hadi Walata, akiwa na barua za wasafiri, ili watu wa mji watoke na maji kuupokea msafara mwendo wa siku nne kabla haujafika. Ujira wake ulikuwa mithqali mia moja za dhahabu. Akipotea yeye, mji haupati habari, na huenda msafara wote au wengi wao wakaangamia kwa kiu. Hebu tupime: matajiri wale walikubali kutoa dhahabu yote hiyo kwa ajili ya maji ya siku nne tu za mwisho!

La pili ni habari ya Ibn Ziri. Mwanzoni watu walikuwa wakiutangulia msafara na kulisha wanyama wao popote walipopapenda. Kisha Ibn Ziri akagombana na ndugu yake, mtoto wa mjomba wake, wakatukanana, naye akabaki nyuma ya wenzake kwa hasira. Msafara ulipotua hakuonekana tena. Tangu siku hiyo Ibn Battuta hakuutangulia msafara wala hakubaki nyuma yake. Mahujaji wetu wangapi hupoteana na kikundi chao kwa sababu ya ugomvi mdogo wa mizigo au wa godoro la hema! Jangwani kumwacha mwenzio ni jambo la uhai na mauti, nayo hasira hupoa baada ya saa moja.

Watu wa siku hizi nao huvuka majangwa kwa hiari yao. Mwaka 1930 Muingereza Bertram Thomas, aliyekuwa waziri wa Sultani wa Maskati, aliondoka Salalah kulivuka Rub' al-Khali, na mwezi Februari 1931 akafika Doha, nchi ya Qatar. Sifa nyingi alipewa yeye, lakini walioijua njia na visima ni Mabedui wa kabila la Rashid waliomwongoza. Hilo na lisemwe. Kuanzia Desemba 2015 hadi Januari 2016 Mark Evans pamoja na Waomani wawili waliifuata njia hiyo kwa miguu na kwa ngamia, kiasi cha kilomita 1,300 kwa siku 49. Tuangalie miezi: safari zote mbili zilianza Desemba. Hapana mwenye akili anayechagua kulivuka jangwa lile mwezi wa Juni. Hujaji, kwa kuwa anafuata mwezi mwandamo, hana uchaguzi huo, kwa hiyo hana budi kuchagua saa badala ya mwezi. Atembee alfajiri na usiku, na mchana ajisitiri.

Tuje kwenye hesabu ya maji. Lita moja ina uzito wa kilo moja. Mtu anayetembea katika joto kali aweza kutokwa na jasho la lita moja kwa saa, pengine zaidi, na kwa siku nzima akahitaji lita nane na kuendelea. Basi mwenye kubeba maji ya siku tatu katika shanta lake amekwisha kubeba kilo ishirini na nne kabla ya chakula na nguo. Ndiyo maana njia ya jangwani hupangwa kutoka kisima hadi kisima. Bibi Zubayda, mke wa Khalifa Harun al-Rashid, aliyefariki mwaka 216 Hijria (831), alilifahamu jambo hili, akatoa mali yake ili visima vichimbwe na mabirika yajengwe kwenye njia ya mahujaji kutoka Kufa hadi Makka, iliyo zaidi ya kilomita 1,200. Mabaki ya mabirika hayo yapo hadi leo.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mtaalamu wa Kimarekani, E. F. Adolph, na wenzake waliwapima askari katika jangwa la California. Waligundua kuwa mtu akiachiwa anywe apendavyo, hunywa kidogo kuliko jasho linalomtoka. Yaani kiu ni shahidi mchelewaji. Waligundua pia kuwa kuyabania maji yaliyomo chupani hakumsaidii mtu kitu, kwani jasho huendelea kutoka vilevile. Kinachobaniwa ni jasho, kwa kukaa kivulini na kuuvika mwili nguo. Tulipokuwa masomoni katika nchi za Kiarabu, wenzetu kutoka huku walishangaa kuwaona Mabedui katikati ya kiangazi wamevaa majoho mapana, mengine meusi. Jambo hilo lilichunguzwa, na mwaka 1980 ikachapishwa kuwa joho jeusi halimwongezei mvaaji joto kuliko jeupe, maadamu ni pana, kwa sababu hewa hupita ndani yake. Nguo ya kubana ndiyo adui.

Maji matupu mengi bila ya chumvi nayo yana madhara, kwani jasho hutoka na chumvi. Yale maji ya chumvi na sukari wanayopewa watoto wanaoharisha yamfaa sana mtembeaji. Na mwenzetu akianza kusema maneno yasiyoeleweka, akayumba au akazimia, hiyo ndiyo dharbat ash-shams, na hapo hapana kungojea. Apelekwe kivulini, avuliwe nguo nzito, amwagiwe maji mwili mzima na kupepewa, huku mwingine akimtafuta daktari. Asinyweshwe kwa nguvu akiwa amezimia.

Mwisho, zipo mas'ala mbili ambazo watu huuliza. Msafiri mwenye maji kidogo, akichelea kiu, yeye au mwenzake au hata mnyama wake, huyahifadhi maji ya kunywa na hutayamamu kwa udongo safi. Hili wanazuoni hawakuhitilafiana. Ama mwanamume aliyehirimia, yeye hafuniki kichwa kwa kofia wala kilemba, na wengi hudhani kuwa kivuli pia wamekatazwa. Sivyo. Katika Sahih Muslim, Ummu Huswayn (R.A.) alisimulia kuwa katika Hija ya Kuaga aliwaona Usama na Bilal (R.A.), mmoja ameshika hatamu ya ngamia wa Mtume (S.A.W.), na mwingine ameinua nguo yake kumkinga na joto mpaka akatupa mawe ya Jamratul-Aqaba. Basi mwavuli unatosha, na ununuliwe hapa hapa kabla ya kuondoka.