Mbwa wa Kondoo Huchaguliwa kwa Kazi, Si kwa Rangi

(Haya ndiyo maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya wafugaji na watu wapendao kufuga mbwa.)



Nimeombwa kusema nanyi leo juu ya mbwa. Najua ya kuwa wako watakaocheka moyoni wakisema, "Mbwa ni mbwa tu, ana nini cha kuhutubiwa?" Hao nawasihi wavumilie kidogo, kwa maana mbwa nitakayemtaja si yule abwekaye langoni usiku, wala yule afukuzaye swara porini. Ni mbwa mchungaji. Mtu mmoja aliye na mbwa huyu aweza kuwakusanya kondoo mia kadha waliotapakaa mlimani, naye mwenyewe asiondoke mahali aliposimama.

Waingereza humwita Border Collie. Sisi tutamwita koli wa mpakani, kwa kuwa jamaa yake ilitokea katika vilima vilivyo mpakani mwa Uingereza na Uskoti. Nchi ile ni ya mvua, ukungu na theluji, na sehemu nyingi hazina ua. Mchungaji husimama bondeni akapiga mluzi, na mbwa huondoka mbio akizunguka mbali, asiwastushe kondoo, hata awafikie kwa nyuma. Ndipo huwaleta polepole mpaka miguuni pa bwana wake. Habweki wala haumi. Huinamisha kichwa, hushusha tumbo karibu na ardhi, akawakazia macho. Mtu aliyewahi kumwona chui akinyatia mbuzi atalitambua jambo hili mara moja, maana asili yake ni hiyo hiyo: ni uwindaji uliokatwa kabla haujafika mwisho wake. Kizazi baada ya kizazi, wachungaji walimchagua mbwa mwenye kunyatia asiyerukia. Mbwa wa namna hiyo husemwa kuwa "ana jicho".

Basi, jicho hilo halionekani katika mtoto wa mbwa wa wiki nane. Wala moyo wa kumkabili kondoo dume mkaidi hauonekani, wala pumzi ya kukimbia siku nzima, wala utii wa kusimama papo hapo akisikia mluzi kutoka mbali. Siku ile mnunuzi anapoinama juu ya kikapu, kinachoonekana ni rangi tu, na hapo ndipo shida yote inapoanzia.

Koli wa mpakani ana rangi nyingi. Wengi ni weusi wenye shingo na kifua cheupe, lakini wako wekundu kama udongo wa Nyeri, wako wa kijivu, wako wenye rangi tatu, na wako wa rangi ya marumaru, yaani kijivu chenye mabaka meusi, ambao huenda wakawa na jicho moja la buluu. Rangi zisizopatikana kwa wingi huwavutia watu, na kitu kinachovutia watu hupanda bei. Muuzaji akiona hivyo, aweza kushawishika kuwakutanisha dume na jike kwa ajili ya ngozi zao, asiulize kama mmoja wao amepata kumgeuza kondoo.

Najua ya kuwa kwetu pia rangi ya mnyama si jambo dogo. Mturkana au Mpokot humwimbia ng'ombe ampendaye kwa rangi yake na mapindo ya pembe zake, hata mwenyewe akaitwa kwa jina la rangi hiyo. Lakini angalieni: ng'ombe huyo wa kuimbiwa ni maksai, amekwisha hasiwa. Rangi yake humfurahisha mwenyewe wala haimdhuru mtu, kwa kuwa haiingii tena katika damu ya kundi. Wazee hao walitenga mapenzi ya macho na kazi ya kuzalisha, nami naona walikuwa na akili kuliko wauzaji wengi wa mbwa.

Sasa niwape habari za mbwa mmoja wa zamani. Katika Uskoti alikuwako mchungaji aitwaye James Hogg, aliyezaliwa mwaka 1770 na baadaye akawa mwandishi maarufu. Siku moja alimwona mtu akiwapeleka wanyama sokoni, naye anamvuta mbwa kwa kamba. Mbwa mwenyewe amekonda, karibu ni mweusi wote, uso wake umenuna na una michirizi ya kahawia. Hakuwa hata na mwaka mmoja, wala hakujua lolote la uchungaji. Hogg aliona kitu ndani ya uso ule ulionuna, akamnunua kwa gini moja, akamwita Sirrah. Aliandika baadaye ya kuwa usiku mmoja wana-kondoo yapata 700 waliokuwa mikononi mwake walitoroka, wakagawanyika makundi matatu, wakapotelea milimani gizani. Watu walitafuta usiku kucha bila kufanikiwa. Kulipopambazuka walimkuta Sirrah amesimama chini ya genge mbele ya wana-kondoo wote, na hakupungua hata mmoja. Kama Hogg angalitafuta mbwa wa kupendeza, angalimwacha yule aende zake na kamba yake.

Lakini bahati kama ile haiwezi kuwa mpango wa kuzalisha. Mpango ulionekana vizuri zaidi katika mwaka 1893, huko Northumberland, kwa mkulima aitwaye Adam Telfer. Bwana huyu alikuwa na dume aitwaye Roy, mwenye tabia ya upole na uchangamfu, ila jicho lake lilikuwa dhaifu. Alikuwa pia na jike mweusi aitwaye Meg, mwenye haya, ambaye jicho lake lilikuwa kali kupita kiasi, hata yasemekana alikuwa akijizuia mwenyewe kwa kukodoa kama alivyowazuia kondoo. Telfer hakutafuta mbwa wawili wanaofanana. Alitafuta wawili ambao pungufu ya mmoja ni ziada ya mwenzake. Mtoto wao akaitwa Hemp. Alikuwa mbwa wa kimya, mwenye nguvu, na kondoo walimwitikia bila fujo. Aliishi hata mwaka 1901, na yasemekana alizaa watoto yapata 200. Leo ni vigumu kumpata koli wa mpakani asiye na damu ya Hemp.

Mtaniuliza, wachungaji walijuaje mbwa yupi ni bora, ikiwa kila mmoja humsifu wake? Walianzisha mashindano. Ya kwanza yaliyoandikwa katika Uingereza nzima yalifanyika Bala, katika Wales, mwaka 1873, na ushindi ukachukuliwa na Mskoti mmoja na mbwa wake Tweed, mbwa mdogo mweusi mwenye rangi ya kahawia. Mwaka 1906 ukaundwa katika Uskoti Chama cha Mataifa cha Mbwa wa Kondoo, kinachotunza kitabu cha nasaba mpaka leo. Katika mashindano mengi ya namna hii mbwa hupewa alama kati ya 100: 20 kwa kuzunguka mpaka nyuma ya kondoo, 10 kwa kuwaondoa mahali walipo bila kuwatia hofu, 20 kwa kuwaleta, 30 kwa kuwaswaga mbali na bwana wake, 10 kwa kuwatenga baadhi yao, na 10 kwa kuwaingiza zizini. Hesabuni wenyewe. Alama zote zimekwisha, wala hakuna iliyobaki kwa ajili ya ngozi. Katika kitabu rangi huandikwa ili mbwa atambulikane tu. Tena, mbwa asiye na nasaba iliyoandikwa aweza kuingizwa katika kitabu hicho kama akipimwa na kuonekana ni mfanyakazi hodari.

Hata hivyo si kusema ya kwamba wapenda kazi hawana hatari yao. Mwaka 1965, mjini Cardiff, mbwa aitwaye Wiston Cap alishinda taji kuu la mataifa kabla hajatimiza miaka miwili. Kila mtu akataka mbegu yake, hata watoto wake walioandikwa kitabuni wakafika 388. Alikuwa mbwa wa ajabu, hilo halina shaka. Lakini dume mmoja akienea namna hiyo, wajukuu na vitukuu huanza kukutana wao kwa wao, na magonjwa yaliyokuwa yamejificha hupata nafasi ya kutokea.

Hapa napenda nieleze kidogo jinsi ugonjwa unavyojificha. Kila mbwa hupokea chembe za urithi, ziitwazo jeni, nusu kutoka kwa baba na nusu kutoka kwa mama. Ziko chembe ambazo zikiwa moja hazionekani. Lazima zipatane mbili. Rangi nyekundu ni hivyo: baba mweusi na mama mweusi waweza kuzaa mtoto mwekundu, na mama hakutembea nje. Ugonjwa mmoja wa macho wa jamii ya koli hurithiwa kwa njia hiyo hiyo, na uko ugonjwa wa ubongo unaomwua mbwa kabla hajafika miaka mitatu, nao pia ni hivyo. Mzazi mbebaji anaona vizuri na kufanya kazi vizuri. Wabebaji wawili wakikutana, kwa wastani mtoto mmoja katika kila wanne atapatwa. Zamani mtu alijua baada ya msiba. Siku hizi damu kidogo au mate hupelekwa maabara, na jibu hupatikana kabla ya kuwakutanisha. Mbebaji si lazima atupwe ikiwa kazi yake ni njema, bali apewe mwenzi asiyebeba. Kwa sababu hiyo namwona mfugaji anayekataa kupima, huku kipimo kipo, kuwa ni mtu wa kulaumiwa.

Rangi ya marumaru yafuata njia nyingine. Hiyo chembe moja yatosha kuionyesha. Mbwa mwenye moja huwa mzuri wa kutazama, na yamkini akawa mzima kabisa. Lakini mtu mwenye tamaa akiwakutanisha marumaru wawili, robo ya watoto, kwa wastani, watapokea mbili. Hao aghalabu huzaliwa karibu weupe wote, na wengi wao ni viziwi, au vipofu, au vyote viwili. Mwaka 2006 wataalamu wa Marekani waliigundua chembe yenyewe, na tangu hapo yaweza kupimwa hata ikiwa imejificha chini ya rangi nyingine. Mwaka huo huo wataalamu wa Uingereza walitoa habari za koli wa mpakani 2,597 waliopimwa masikio. Walikadiria ya kuwa 2.8 katika kila 100 walikuwa viziwi wa sikio moja au mawili, na uziwi ulionekana zaidi kwa wenye rangi ya marumaru, wenye macho ya buluu, na wenye weupe mwingi kichwani.

Mfikirieni mbwa kiziwi katika kazi ile. Yuko mbali mlimani, ukungu umeshuka, na mluzi wa bwana wake ndiyo kamba pekee inayowaunganisha.

Mwaka 1976 klabu kuu ya mbwa ya Uingereza ilimkubali koli wa mpakani katika maonyesho yake ya uzuri, na klabu kubwa ya Marekani ikafuata mwaka 1995, ingawa wafugaji wengi wa mbwa wa kazi walipinga kwa nguvu. Chama cha wafugaji hao wa Marekani, kilichoundwa mwaka 1983, hukataa kumwandika mbwa aliyepewa taji la uzuri. Watu wengine huona hukumu hii ni kali mno. Mimi naifahamu sababu yake: jicho na moyo havikai katika damu vikingojea kuitwa. Visipotumiwa katika kuchagua wazazi, hupungua kila kizazi bila mtu kutambua, kwa sababu mbwa bado ana sura ile ile.

Kwa hiyo mwenye jike asiwe na haraka. Na amfundishe kwanza, amtumie kwa misimu ya kutosha, ajue aibu zake, maana mbwa wa mwaka mmoja hajamaliza kujifunua. Kisha amtafutie dume mwenye kile asicho nacho, awapime wote wawili macho, nyonga na chembe za urithi. Jike huchukua mimba siku 63 hivi, nazo zatosha kabisa kuwatafutia watoto makwao. Mtu asiyeweza kuwapatia mahali asizalishe. Wengi hununua mbwa huyu kwa uzuri wake, wakamfungia katika nyumba ya mjini, na akili ile iliyoumbwa kwa kazi, ikikosa kondoo, huanza kuchunga magari na watoto. Mwisho wake ni kutupwa au kupelekwa kwenye makao ya mbwa wasio na wenyewe.

Na mnunuzi naye ana wajibu wake. Asichague kwa kutazama picha. Na aende mwenyewe, aombe kuwaona baba na mama wakifanya kazi, si katika uwanja mdogo na kondoo watatu waliozoea, bali mlimani, na kondoo wasiomjua mbwa huyo. Atazame kama kondoo wanatembea au wanakimbia kwa hofu. Atazame mbwa anapokabiliwa: je, husimama imara, au hugeuza uso? Aulize wadogo zake na wakubwa zake wa mimba zilizopita wako wapi na wanafanya nini. Aombe hati za vipimo vya wazazi wote wawili, azisome mwenyewe, alinganishe namba zilizoandikwa humo na zile za kitabu cha nasaba. Akiridhika na hayo yote, basi na aende kwenye kikapu, na kama humo yumo mwekundu mmoja na weusi watano, na amchukue yeyote ampendaye.