Nani Hununua Bima ya Pili?
Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Tumepewa kazi ya kusema juu ya bima ya matibabu. Nchi yetu imekuwa na bima ya serikali tangu mwaka 1966, ilipoanzishwa hazina iitwayo NHIF. Tarehe 1 Oktoba, 2024, mahali pake pakashikwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA. Mwenye mshahara hukatwa Sh. 2.75 katika kila Sh. 100, asiye na mshahara hulipa kwa kadiri ya mapato ya nyumba yake, na kiasi cha chini ni Sh. 300 kwa mwezi.

Kwa nini basi wako walipao mara mbili? Bima ya serikali hulipa kwa viwango vilivyowekwa, na hospitali nyingi za watu binafsi hudai zaidi. Atakaye kuchagua daktari na chumba hana budi kuongeza.

Lakini na tumtazame mnunuzi mwenyewe. Aghalabu si mgonjwa, wala si mzee. Ni mwenye kazi ya mshahara mjini, na mara nyingi si yeye anunuaye bali mwajiri wake, kwa ajili ya wafanyakazi wote pamoja. Fundi wa jua kali, mama wa sokoni na mkulima ni wachache sana katika daftari hizo.

Hapo ndipo penye hatari. Bima ya mwajiri hufuata kazi. Kazi ikikoma, kwa kawaida nayo hukoma. Mtu wa miaka 60 akienda kununua yake mwenyewe, hukuta ada imepanda kwa sababu ya umri, na maradhi aliyokwisha kuwa nayo yamewekewa muda wa kungoja. Hivyo kinga humwacha wakati aihitajipo zaidi, na mzigo huwaangukia jamaa na vyama kama hiki chetu.

Kwa hiyo twawasihi wanachama mambo matatu. Kwanza, mshahara ukomapo, makato ya SHA hukoma pia. Mstaafu na aendelee kulipa mwenyewe, maana bima hiyo haimkatai mtu kwa umri wala kwa maradhi. Pili, kabla ya kustaafu, aulize kwa maandishi bima ya mwajiri yakoma lini, na kama aweza kuiendeleza. Tatu, mwenye mapato ya msimu aweke ada akiba mapema, kwani kanuni za mwaka 2024 ziliagiza wasio na mshahara walipe ya mwaka mzima pamoja.

Mchango wa chama ni wa kusaidiana. Hauwezi kubeba gharama za hospitali za kila nyumba. Yatupasa tujiandae tungali wazima.