Boksi la pikipiki likipasuka, lipime kwanza kwa maji

(Muziki unashuka.)

Leo nasema na wewe unayetafuta riziki kwa pikipiki. Waganda wanakuita boda, sisi wa Kivu tumezoea kusema motari.

Boksi la plastiki unalofunga nyuma ya kiti, lile la mikate, samaki au mizigo ya watu, halidumu sana kwenye barabara zetu. Ufa huanza kwenye tundu la bolti, pikipiki inaruka shimo, ufa unarefuka. Siku ya mvua unga wa mteja unalowa, na wa kulipa ni wewe.

Wengi wamesikia kuwa dawa ya ufa ni faiba, kile kitambaa cha nyuzi za kioo kinachopakwa rezini, ambacho mafundi wa boti na wa bodi za magari hukitumia. Ni kweli, faiba ni imara. Lakini kuna watu wamenunua rezini, wamepaka vizuri, na baada ya wiki moja kiraka kimebanduka chote kama ganda la ndizi. Fundi hakukosea kupaka. Plastiki yenyewe ndiyo iliyokataa.

Kwa hiyo, kabla hujatoa nauli ya kwenda Mbarara, au kumwomba ndugu yako aliye Kamukuzi akununulie, fanya jaribio hili. Kata kipande kidogo kama ukucha pembeni ya ufa. Tia maji kwenye kikombe, ongeza tone la sabuni, kizamishe kipande kwa kidole, kisha kiachie.

Kikielea, plastiki hiyo ni ya ukoo mmoja na jerikani na beseni. Rezini haiishiki, hata uipige msasa mchana kutwa. Kikizama, huenda ni ABS, plastiki ngumu kama ile ya helmeti nyingi, na hiyo hushikana na faiba. Tazama pia ndani ya boksi: mara nyingi herufi zimechapwa, PP au PE kwa ile inayokataa, ABS kwa ile inayokubali. Herufi zikipingana na maji, fuata herufi.

Kama imeelea, usihuzunike, matengenezo yake ni ya bei ndogo zaidi. Umewaona wanaoshona mabeseni sokoni? Fanya hivyo hivyo. Toboa matundu kila upande wa ufa, shona kwa waya mwembamba, halafu weka kiraka kilichokatwa kwenye jerikani bovu, ukifunge kwa bolti na washa. Katikati weka mpira wa tyubu ya zamani ili maji yasipite.

Kama imezama, fanya kazi upande wa ndani. Toboa tundu la milimita 3 pale ufa unapoishia, usiendelee kutambaa. Osha mafuta na vumbi, kausha, piga msasa mkali mpaka mng'ao wote utoke. Nje ziba ufa kwa selotepu. Kata vipande vitatu vya faiba, cha mwisho kipite ufa kwa sentimita 5 kila upande.

Rezini haikauki bila hadina. Kwa mililita 100 za rezini, hadina ni mililita 1 hadi 2, si zaidi. Pima kwa bomba la sindano. Ukizidisha, mchanganyiko utachemka na kupasuka. Changanya kidogo kidogo, kivulini, kwa sababu kwenye joto letu huganda upesi. Paka, laza kitambaa, kigongegonge kwa brashi mpaka mapovu yaishe, kisha kipande kinachofuata.

Hapa naomba unisikilize vizuri. Hadina ikiingia jichoni inaweza kukupofusha. Vaa miwani na glavu. Ikikurukia, suuza jicho kwa maji safi yanayotiririka dakika 15 bila kukatiza, kisha nenda kituo cha afya. Dukani omba rezini ambayo tayari imetiwa kobalti. Ukiuziwa kobalti pembeni, usiikutanishe kamwe na hadina zikiwa peke yake, hulipuka. Fanyia kazi nje, mbali na jiko na sigara, na siku ya kupiga msasa funika pua, vaa mikono mirefu. Vumbi la faiba huwasha. Lioshe kwa maji baridi.

Acha boksi lilale usiku mzima kabla ya kulifunga tena. Kwenye lile tundu la bolti ambapo ufa ulianzia, weka washa pana na kipande cha mpira, la sivyo mtingisho utalipasua pale pale. Hadina iliyobaki ifungwe kwenye chupa yake yenyewe, juu, watoto wasipofika. Usiitie kwenye chupa ya soda.

(Muziki.)